Ajali Ile Ilikuwa na Kinga

Ukisafiri usiku kwenye barabara ya Kampala kwenda Busia, unalijua tawi. Lori likiharibika, taniboi anashuka na panga, anakata matawi kwenye kichaka cha karibu na kuyapanga barabarani nyuma ya lori, moja hapa, jingine hatua kadhaa nyuma yake, ili anayekuja ajue kuna kitu kimesimama. Ile pembetatu nyekundu inayong'aa, ambayo trafiki huiulizia wakisimamisha gari, iko nyumbani, au imeuzwa, au haijawahi kuwepo. Mchana tawi linafaa. Usiku rangi yake na ya lami ni ile ile. Halafu kuna jambo ambalo wenye malori hawalifikirii: gari likishatengenezwa, linaondoka na tawi linaachwa pale pale. Dereva anayepita njia hiyo kila siku ameshakutana na matawi mengi yasiyo na lori lolote mbele yake, na mwisho wake hayaamini tena.

Dereva wetu hakuliamini.

Nilikuwa natoka Kampala kununua vitenge Kikuubo, kile kichochoro cha maduka ya jumla katikati ya jiji ambako sisi wa mpakani tunachukulia mizigo. Ni safari ya kilomita kama 200 hadi Busia. Teksi yetu (wasomaji wa Kenya, hiyo ndiyo matatu) ilikuwa imeandikwa ubavuni abiria 14. Ndani tulikaa wanne wanne kila safu, na robota langu la vitenge lilikuwa chini ya miguu ya watu. Giza lilitukuta Jinja. Ukishapita Iganga na kuiacha Idudi nyuma, unaingia nchi ya miwa: matrekta yanavuta matela yaliyoshindiliwa miwa mpaka inaning'inia pembeni, na nyuma hakuna hata taa moja. Tela mojawapo lilikuwa limepasukiwa gurudumu, likasimama nusu kwenye lami na nusu kwenye majani. Dereva alikuwa na simu sikioni. Aliliona tawi, akalikwepa kidogo tu, akarudi kwenye njia yake huku mazungumzo yakiendelea.

Mgongano wenyewe sikuuona, maana nilikuwa namwangalia kondakta akihesabu chenji yangu. Nilisikia bati, kisha kimya, kisha harufu ya miwa iliyopondeka, tamu na kali, imejaa ndani ya gari.

Kijana aliyekaa mbele dirishani alifariki pale pale. Dereva alitoka mzima akakimbilia ndani ya shamba. Wengi humsema kwa kukimbia, lakini hilo mimi simlaumu. Dereva akibaki mahali ambapo mtu amekufa, anaweza asifike kituo cha polisi akiwa hai, na hilo kila dereva analijua. Alijisalimisha asubuhi yake.

Walionitoa ni wanawake wa kijiji cha jirani. Mmoja wao, mama wa makamo aliyebana simu mdomoni ili imulike, aliligusa paja langu la kulia, akamwambia mwenzake neno kwa Kisoga, na yule akaenda kuchomoa miwa miwili kwenye tela. Ule mrefu waliulaza upande wa nje, kuanzia kwapani hadi chini ya kisigino. Mfupi ukapita upande wa ndani. Wakaniomba leso, wakaichana vipande, wakafunga: juu ya kifundo cha mguu, chini ya goti, juu ya goti, kiunoni, kifuani. Kila alipokaza fundo, yule mama alipitisha kidole chini ya kitambaa kuhakikisha hakikubana sana. Alikuwa akinong'ona nami muda wote, yeye Kisoga, mimi Kiswahili, na hatukupishana hata kidogo. Hospitalini daktari alipoifungua ile miwa aliuliza ni nani aliyenifunga hivyo. Sikuwa na jina la kumpa.

Na wakati nafungwa, robota langu lilikuwa linaondoka. Hilo nalo ni la watu wa pale pale, usiku ule ule. Nimeulizwa sana kama nina kinyongo na kijiji kile, na jibu langu huwa haliwaridhishi wanaouliza: sijui nani alichukua, namjua aliyenifunga, kwa hiyo nikipita pale ninamfikiria huyo. Deni la Kikuubo, hata hivyo, lilibaki likinisubiri, kwa sababu nusu ya mzigo niliuchukua kwa mkopo na mwenye duka naye ana wanaomdai.

Hakuna ambulensi iliyokuja. Lilikuja gari la patroli la polisi, lile lililo wazi nyuma, tukalazwa sakafuni pamoja na gurudumu la akiba.

Kuhusu hospitali nitasema kidogo, kwa kuwa kila familia ya Uganda ina hadithi yake ya hospitali na yangu haikuzidi ya wengine. Serikali inakupa kitanda na daktari. Chakula, kuoga, kufua, na kukimbilia duka la dawa kununua glavu ni kazi ya anayekuuguza. Dada yangu alifika kutoka Busia na beseni, mkeka, blanketi na thamosi, akatandika chini ya kitanda changu, na hapo ndipo alipoishi.

Paja likivunjika huvutwa ili mifupa isipandane. Daktari alipitisha chuma kwenye mfupa chini ya goti, akakifunga kamba, kamba ikapita kwenye roda miguuni pa kitanda, na mwisho wa kamba ukaning'inizwa uzito. Uzito wangu ulikuwa dumu la manjano la mafuta ya kupikia lililojazwa maji kwa kipimo, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja na haihitaji mizani. Siku moja mama aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha pili alipungukiwa maji ya kusuuza vikombe, akayachota kwenye dumu langu. Sista alipogundua alimfokea kana kwamba ameiba dawa. Na kwa kweli alikuwa ameiba dawa. Wadi nzima ilicheka, nami nikacheka kwa uangalifu, maana kucheka nako kulikuwa kunauma.

Karibu wote wadini walikuwa watu wa boda, waendeshaji kwa abiria wao, miguu imechomekwa vyuma vya nje. Sisi wa Busia hupenda kujigamba kwamba boda ilizaliwa kwetu, tangu vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha watu kati ya forodha moja na nyingine. Mle ndani sikujigamba.

Shangazi yangu alikuja na shauri lake: nihamishwe, nipelekwe kwa mganga wa mifupa kijijini. Alikuwa na mifano, na kila aliyekuja kunitazama alikuwa na wake. Mganga hachani, hapitishi chuma, anapokea kuku na pesa kidogo kidogo, na usiku unalala kwenu. Sikumdharau shangazi. Lakini kitanda cha mlangoni kulikuwa na kijana aliyeletwa kutoka kwa mganga wa namna hiyo akiwa amefungwa vijiti kwa nguvu kupita kiasi, vidole vya mguu vimeshakuwa vyeusi, na wote tulijua kwa nini jina lake liliandikwa kwenye orodha ya chumba cha upasuaji. Nilimwomba shangazi atembee hadi pale mlangoni amsalimie. Aliporudi alibadilisha mazungumzo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwenye teksi alikuja Jumapili. Alivaa suti, akafuatana na wazee wawili, na wakaleta mkate, sukari na kreti ya soda. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akauangalia mguu, akaliangalia dumu, akatikisa kichwa.

“Mama, pole sana. Ajali haina kinga.”

“Haina kabisa,” wazee wakaitikia.

Kisha akatoa bahasha yenye shilingi 500,000 na karatasi iliyopigwa chapa. Dada yangu aliyesoma kunishinda aliipitia mara mbili. Ilisema nimelipwa fidia yote, na kwamba sina dai lolote dhidi ya mwenye gari, dereva wala kampuni ya bima, sasa na hata milele. Kulikuwa na mstari wa sahihi na nafasi ya dole gumba kwa asiyejua kuandika.

Nikamwambia, “Mzee, nakushukuru kwa kuja. Soda tutakunywa. Karatasi nitaisoma siku nitakayoweza kukaa.”

Hakukasirika. Alisema nisijali, tutaelewana, sisi sote ni watu wa Mungu. Aliondoka na bahasha yake.

Maneno yale matatu niliyasikia kwa kila mtu. Shekhe aliyekuja kuniombea aliyasema, shemeji aliyasema, muuza duka wa Kikuubo aliyasema kwenye simu kabla ya kuuliza nitalipa lini. Najua wengi wanayasema kwa upendo, kwa sababu hawana la kusema mbele ya mtu aliyening'inizwa dumu. Nikipata nafasi nami nitawaambia wengine hivyo hivyo, kwa mazoea. Lakini mwenye teksi hakuyasema kunifariji. Aliyaweka mbele ya ile karatasi, kama kitambaa unachotandika mezani kabla ya kuleta chakula. Ikiwa ajali haina kinga, basi hakuna aliyeacha kuikinga, na kama hakuna, laki tano ni hisani yake na mimi ni mtu asiye na shukrani.

Na ile ya kwetu ilikuwa na kinga tele! Taa ya nyuma ya tela ni kinga. Gurudumu ambalo halijachakaa hadi kwenye nyuzi ni kinga. Tela kusogezwa lote kwenye majani, ambako nafasi ilikuwepo, nayo ni kinga ya bure kabisa. Simu mfukoni. Kijana wa mbele kufungwa mkanda, badala ya mkanda ule kukatwa zamani ukafungiwa mizigo ya juu. Sisi kuwa 14, kama bati la gari lenyewe linavyosema. Kila moja ya hizo ilikuwa ya mtu fulani kufanya, na mtu huyo si Mungu.

Askari alikuja wadini kuchukua maelezo. Polisi wetu Kiswahili ni lugha yao ya kazi, hivyo nilieleza kwa nafasi bila mkalimani, na yeye akawa anaandika kwa Kiingereza. Alipomaliza nikamwomba anisomee alichoandika, kwa Kiswahili. Alisoma: nilikuwa abiria, gari lilikuwa linaelekea Busia, likagonga tela lililosimama, nikaumia mguu.

“Afande, na simu?”

“Mama, hayo ni mambo ya mahakamani.”

“Basi yaandike, yafike huko mahakamani.”

Alicheka, lakini aliandika. Aliandika na taa, na wanne wanne. Nilitia sahihi kila ukurasa. Wewe msomaji, likikufika, Mungu apishe mbali, usitie sahihi maelezo ambayo hujasomewa. Si kwamba askari ni mwongo. Amechoka, ana mafaili mengi, na sentensi fupi humwondoa wadini mapema.

Bima nayo nilijifunza nikiwa chali. Kila gari Uganda linatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, yaani ya kumlipa anayeumizwa na gari hilo, ile stika ya kwenye kioo. Kaka yangu alikwenda kwenye uwanja wa kituo cha polisi ambako teksi ilikuwa imevutwa. Kioo cha mbele kilikuwa kimebomoka kikalala juu ya usukani, lakini kona yenye stika ilikuwa imebaki nzima. Alipiga picha jina la kampuni, nambari na tarehe. Ilikuwa bado hai. Tela halikuwa na kitu.

Tulifurahi, kisha tukaambiwa kiwango. Sheria hiyo ni ya 1989, na kiwango cha juu inachoweka kwa mtu mmoja ni shilingi 1,000,000. Uwe umevunjika paja au umekufa, bima hiyo haivuki hapo. Mwaka 1989 milioni ilikuwa pesa ya kujenga nayo. Siku zile mimi nimelala, chuma cha kuingizwa ndani ya mfupa, upasuaji na kulazwa katika hospitali ya misheni nilikohamishiwa vilikula zaidi ya hiyo mara kadhaa. Wenzangu wa chama cha akina mama sokoni ndio waliochanga, mmoja mmoja, kwa simu, elfu kumi, elfu ishirini, na mmoja alituma elfu mbili na ujumbe wa kuomba radhi. Mwingine alifungua duka langu kila asubuhi na kuuza vilivyobaki, na hesabu yake ilitoka sawa hadi shilingi ya mwisho.

Wakili mmoja ambaye hununua vitenge kwangu ndiye aliyenitoa gizani. Aliniambia kile kiwango ni cha bima, si cha mwenye gari. Aliyezembea unaweza kumdai mahakamani gharama zako zote, na kwa majeraha ya mwili una miaka mitatu ya kufungua kesi. Lakini ukishatia sahihi ile karatasi ya “sina dai lolote”, mawakili wa upande wa pili watakuwa na kitu cha kushika.

Nilipoanza kutembea kwa magongo nilikwenda kituoni kufuata nakala ya ripoti. Kwenye benchi la nje alikaa mzee mwenye kofia ya sufi, na tulipoanza kuzungumza nikajua ni baba wa yule kijana wa mbele. Yeye alitia sahihi. Walimletea karatasi siku ya mazishi, pamoja na jeneza, magunia mawili ya unga na maharagwe. Alinieleza bila haya, na sikuona pa kumkosoa. Una maiti ndani, una watu uani wanaongoja kula, na mtu anakuja na unga. Mimi nilikuwa na dada anayejua kusoma, na muda mrefu wa kulala na kufikiri. Mzee alikuwa amekuja kudai simu ya mwanawe, ambayo polisi walikuwa bado wanaishikilia kama kielelezo cha kesi. Aliambiwa arudi wiki inayofuata.

Habari za Kiryandongo ziliponifikia, Oktoba 2025, nilikuwa nimeshaliacha gongo moja. Mabasi mawili kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, usiku wa manane, kila moja likijaribu kulipita gari lililo mbele yake, yalikutana uso kwa uso. Watu 46 walikufa. Redioni mpiga simu wa kwanza alisema maneno yale yale matatu, na mtangazaji akaitikia. Nilikuwa peke yangu dukani na nilijibizana na redio kwa sauti. Kwa hesabu ya polisi, mwaka 2023 barabara zetu ziliua watu 4,806, na mwaka 2024 watu 5,144. Ni zaidi ya kumi na watatu kila siku inayochomoza. Haiwezekani yote hayo yawe kudura, tena yaongezeke namna hiyo.

Mguu umepona ukiwa mfupi kidogo. Fundi viatu wa karibu na stendi ameniongezea soli ya kiatu cha kulia kwa raba ya tairi, vipande viwili vilivyobandikwa na kushonwa, na ukiniona natembea barabarani pengine usijue. Kinachojulikana zaidi ni breki. Gari likifunga breki ghafla, hata lililo mbali, mkono wangu unashika kilicho karibu, na siku moja kilichokuwa karibu ni sikio la mteja.

Mwenye teksi alirudi, bila suti na bila wazee. Safari hiyo nilikuwa nimekaa, na risiti za hospitali zilikuwa kwenye bahasha yangu. Tulikubaliana alipe gharama za upasuaji kwa awamu, na karatasi mpya iliandikwa na yule wakili: imetaja kila kiasi ni cha nini, na haikutaja milele. Amelipa awamu mbili, ya tatu anasema gari jipya bado halijaanza kuingiza. Kesi ya dereva imeahirishwa tena. Mwenye tela hajawahi kuonekana.

Kampala nimeanza kwenda, mchana tu. Nalipia viti viwili ili safu yangu ibaki na nafasi. Mara ya kwanza kondakta hakuelewa.

“Mama, sogea, hicho kiti kiko wazi.”

“Nimekilipia.”

“Umemlipia nani?”

“Mguu wangu.”

Aliuangalia mguu, akakiangalia kiti, akahesabu pesa yake akaiona imetimia, akanyamaza. Tulipofika Bugiri aliinama dirishani akaniuliza kwa adabu kama mguu wangu unaweza kumpakata mtoto wa mtu hadi Iganga.